Kabla Hujalipia Programu ya Kumsahihishia Mwanao Insha

Grammarly ya kulipia inauzwa dola 144 kwa mwaka ukilipa kwa mkupuo. Ukilipa mwezi kwa mwezi ni dola 30, na mwaka ukiisha umetoa dola 360. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 130 za Kenya, mkupuo huo ni shilingi 18,720. Kwa shilingi 2,500 za Tanzania, ni 360,000. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani, 16% Kenya na 18% Tanzania Bara, kisha makato ya kadi, na mzazi wa Kisumu atakuwa ametoa karibu shilingi 22,000, mwenzake wa Morogoro zaidi ya 420,000. Hizo ni fedha nzito. Zinatosha kununua kamusi kadhaa za jalada gumu na karatasi za kuandikia insha za mwaka mzima. Nawaandikia wazazi, walimu na wanafunzi wanaofikiria kuzitoa, kwa sababu matangazo yanayowafikia kwenye simu hayawaambii jambo wanalopaswa kulijua kabla ya yote: programu hiyo haikagui Kiswahili.

Wala si hiyo peke yake. ProWritingAid, inayouzwa kwa karibu dola 120 kwa mwaka, ni ya Kiingereza. Hemingway Editor, ambayo ukiinunua kwa dola 19.99 inakuwa yako moja kwa moja, nayo ni ya Kiingereza. LanguageTool, iliyoanzishwa na Mjerumani Daniel Naber mwaka 2003 kama kazi yake ya kuhitimu chuo, inakagua lugha zaidi ya 30. Humo utakuta Kiesperanto, Kibretoni, Kikhmeri, Kitamili na Kitagalogi. Kiswahili, chenye wasemaji kuanzia Lamu hadi Lubumbashi, hakimo. Linaniuma hilo, na ninaamini linapaswa kuwauma pia watu wa vyuo vyetu vya lugha, maana LanguageTool ni programu huria na msimbo wake uko wazi kwa yeyote mwenye ujuzi na subira.

Kwa hiyo swali la mnunuzi linagawanyika mara mbili. Je, mtoto anaandika kwa lugha gani? Na je, unataka programu imwandikie, au imwoneshe alichoandika? Swali la pili ndilo lenye uzito zaidi, na nitalirudia, kwa kuwa bei nyingi hapo juu zinatozwa kwa ajili ya kuandikiwa.

Chukua mwanafunzi wa kidato cha nne Kenya. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE ni Insha. Ana saa moja na dakika 45, anaandika insha mbili, kila moja alama 20. Anaandika kwa kalamu. Hakuna mstari mwekundu utakaojitokeza chini ya neno alilokosea, na mtahini anayesahihisha ana jicho la makosa ya hijai na jicho la makosa ya sarufi. Mwanafunzi aliyezoea kubofya "kubali" kila programu inapompendekezea neno ameingia chumba cha mtihani akiwa ameacha jicho lake nyumbani. Chombo kinachostahili fedha yako, au hata muda wako kama ni cha bure, ni kile kitakachomwachia jicho hilo siku kisipokuwepo.

Vyombo vinavyojua Kiswahili, na vinajua kiasi gani

Vipo vikagua tahajia vya Kiswahili, na vilivyo vizuri ni vya bure. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi iliyokuwa na menyu kwa Kiswahili. LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, hadi leo inapakuliwa bure na inaweza kuwekewa orodha ya tahajia ya Kiswahili iliyoandaliwa na Jason Githeko. Ukishaipakua haihitaji tena intaneti, na shule inaweza kuiweka kwenye kompyuta zote za maabara kutoka kwenye flashi moja. Microsoft Word nayo inakagua tahajia ya Kiswahili ukiichagulia lugha hiyo. Watu wengi hawajui, wakaacha Word ikidhani wanaandika Kiingereza, ukurasa mzima ukawa mwekundu, wakazima ukaguzi wote kwa hasira. Fungua sehemu ya lugha, chagua Kiswahili, na wekundu mwingi utapungua.

Utapungua, hautakwisha, na hapa mnunuzi anapaswa kuelewa kinachotokea ndani. Kikagua tahajia cha kawaida kinalinganisha neno lako na orodha yake. Kitenzi cha Kiswahili hakikai kwenye orodha kwa urahisi. Kutokana na mzizi mmoja wa "andik" tunapata aliandika, hawakutuandikia, tulivyoandikishwa, asingeliwaandikia, na tunaweza kuendelea hivyo kwa maelfu ya maumbo, yote sahihi. Orodha ikilikosa umbo mojawapo, mwanafunzi anawekewa alama ya kosa mahali ambapo hana kosa. Profesa Arvi Hurskainen wa Helsinki alilifahamu tatizo hili tangu miaka ya 1980 alipoanza kujenga SALAMA, mfumo unaolichambua neno la Kiswahili kiambishi kwa kiambishi badala ya kulitafuta kwenye orodha. Huo ni mfumo wa watafiti, haukai kwenye kompyuta ya mwanafunzi wa kawaida, lakini unathibitisha kwamba kazi inawezekana na kwamba njia ya orodha pekee ina kikomo.

Upande wa pili ni makosa yanayopita bila kuguswa. Mwanafunzi anayechanganya r na l akiandika "tulifika mahari pazuri," kikagua tahajia kitanyamaza, maana mahari ni neno halali. Ni wale ng'ombe wanaotolewa na upande wa bwana harusi. "Nilienda kupiga kula" itapita pia. "Vitabu yangu zimepotea" itapita bila mkwaruzo, kwa kuwa kila neno peke yake limeandikwa sawasawa, ingawa upatanisho wa ngeli umevunjika mara mbili. Na hayo ndiyo makosa yanayowagharimu wanafunzi wetu alama. Kwa hiyo tumia kikagua tahajia kwa kazi kinayoiweza: herufi zilizorukwa, maneno yaliyobanwa pamoja kama "kwasababu", vidole vilivyoteleza kwenye kibodi. Usimwache mtoto aamini kwamba ukurasa usio na wekundu ni ukurasa usio na makosa.

Kuna kipimo kingine ambacho programu nyingi hukionesha kwa mbwembwe, na ningeomba kila mwalimu wa Kiswahili akipuuze kabisa. Ni alama ya wepesi wa kusomeka. Iliyo maarufu zaidi ni ya Rudolf Flesch, ya mwaka 1948, iliyotungwa kwa ajili ya Kiingereza. Unaanza na 206.835, unaondoa wastani wa maneno kwa kila sentensi ukiuzidisha kwa 1.015, kisha unaondoa wastani wa silabi kwa kila neno ukiuzidisha kwa 84.6. Matini nyepesi hukaribia 100, ngumu hukaribia sifuri. Tuijaribu kwa sentensi ya mtoto wa darasa la pili: "Watoto wanacheza mpira uwanjani." Maneno manne, silabi 14, wastani wa silabi tatu na nusu kwa neno. Jibu ni hasi 93. Sentensi ya Kiingereza yenye maneno manne na silabi tano ingepata 97. Kanuni nyingine inayohesabu herufi badala ya silabi ingemweka mtoto huyohuyo kwenye kiwango cha mwanafunzi wa chuo. Kiswahili hubeba ndani ya neno moja mambo ambayo Kiingereza huyagawa kwa maneno manne, basi kanuni hizo zinaadhibu lugha yenyewe. Mwanafunzi anayeambiwa na mashine kwamba sentensi zake ni ngumu mno ataanza kuzikatakata pasipo sababu, na Kiswahili chake kitaharibika kwa utii.

Vyombo vinavyohesabu na kuonesha

Miaka ya mwisho ya 1970, katika Bell Labs nchini Marekani, Lorinda Cherry na Nina Macdonald walishiriki kuunda mkusanyo wa programu ulioitwa Writer's Workbench. Ulihesabu urefu wa sentensi, ukaonesha sentensi ipi ni ndefu kupita zote, ukaorodhesha namna sentensi zinavyoanza, ukataja asilimia ya vitenzi vilivyo katika kauli ya kutendwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado kiliutumia kuwafundisha wanafunzi wake uandishi. Programu hizo hazikumwandikia mwanafunzi sentensi hata moja. Zilimpa hesabu, na uamuzi ukabaki wake. Nadhani walioziunda waliona mbele kuliko wengi wanaotuuzia vyombo leo.

Mrithi wa fikra hiyo anayetufaa zaidi sisi tunaoandika Kiswahili ni AntConc. Imetengenezwa na Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, ambaye anaitoa bure tangu mwaka 2002. Inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na ikishapakuliwa inafanya kazi bila intaneti. Haijui lugha yoyote, na huo ndio uzuri wake kwetu, maana inatendea Kiswahili sawa na inavyotendea Kiingereza: inahesabu maneno na kuyapanga. Sura yake si ya kuvutia. Imetengenezwa kwa watafiti wa lugha, vitufe vingi, rangi chache. Mwalimu atahitaji alasiri moja ya kuizoea.

Inafanya nini kwa insha? Mwanafunzi anahifadhi rasimu yake kama faili la maandishi matupu na kulifungua humo. Akiomba orodha ya maneno, anayaona yote kwa idadi. Juu kabisa yatakuja "na", "ya", "wa", "kwa", "ni"; hayo ayaruke. Chini yake ndipo tabia zake za uandishi zinapojianika. Kama "ambayo" limetokea mara 11 katika insha ya maneno 400, atajiuliza ni mara ngapi angeweza kusema "nyumba tuliyohamia" badala ya "nyumba ambayo tulihamia". Kama "kweli" na "sana" yanashindana kileleni, ameona mahali alipoweka mkazo badala ya maelezo. Kisha anabofya neno mojawapo na programu inamletea kila mstari ambamo neno hilo limo, yote yamepangwa safu, neno likiwa katikati na maneno jirani kushoto na kulia. Macho yanaona katika sekunde kumi jambo ambalo kusoma kutoka juu hadi chini kulikuwa kumelificha.

Hata viambishi havimshindi. Akitafuta *andik* akiweka nyota pande zote mbili, atapata maumbo yote ya kitenzi hicho. Akitafuta neno "vitabu", atayaona maneno yanayolifuata yamepangwa chini kwa chini, na "yangu" au "zimepotea" iliyokaa mahali pa "vyangu" na "vimepotea" itajitokeza kama kidole kilichofungwa bendeji. Programu haijui kwamba ni kosa. Mwanafunzi ndiye anayejua, na kwa kulijua mwenyewe amejifunza. Mwalimu anaweza kumpa kila mwanafunzi orodha ya nomino tano za kutafuta katika rasimu yake kabla ya kuikabidhi, na atakuwa amefundisha upatanisho wa kisarufi kwa mifano ambayo mwanafunzi aliitunga mwenyewe.

Faida yake kubwa zaidi naiona pale mwalimu anapofungua insha za darasa pamoja. AntConc inaweza kuonesha mafungu ya maneno matatu, manne au matano yanayojirudia katika mafaili mengi. Kila aliyewahi kusahihisha insha Afrika Mashariki anafahamu kitakachoibuka: wanafunzi wamerauka alfajiri na mapema, jogoo wamewika, jua limechomoza likitabasamu, na hadithi yenyewe haijaanza. Mwalimu amekuwa akiyasema hayo kwa mdomo, na wanafunzi wanamwona mkali bure. Sasa waonyeshe ukutani kwamba watu 15 darasani wamefungua kwa maneno yaleyale manne. Hakuna atakayehitaji kukaripiwa. Mjadala unahama kutoka "mwalimu hapendi mapambo yangu" kwenda "ni nani atakayekumbuka insha yangu kati ya hizi", nao ni mjadala wa mwandishi hasa.

Gharama yake? Shilingi sifuri kwa programu, lakini kuna gharama ya kuchapa. Insha za shule nyingi zimeandikwa kwa mkono, na kuchapa maneno 400 kwa mwanafunzi ambaye hajazoea kibodi ni kipindi kizima. Sioni njia ya mkato hapo. Shule yenye kompyuta chache ifanye kwa vikundi, insha sita au saba kwa mara moja, kila kikundi mara moja au mbili kwa muhula. Wale wenye intaneti ya uhakika wanaweza kutumia Voyant Tools badala yake, iliyotengenezwa Kanada na Stéfan Sinclair na Geoffrey Rockwell. Nayo ni ya bure, inafunguka kwenye kivinjari, inachora maneno yanayotawala kwa ukubwa tofauti, na inavutia macho zaidi ya AntConc. Anayeanza ataipenda haraka. Ila maneno madogo ya Kiswahili itabidi uyaondoe mwenyewe kwa kuyaandika kwenye orodha ya maneno ya kurukwa, la sivyo picha nzima itajaa "na" na "ya".

Kusikia ulichoandika

Chombo ambacho ningeanza nacho kesho, kwa mwanafunzi wa umri wowote, ni sauti. Kivinjari cha Microsoft Edge kina kitufe cha kusoma kwa sauti, na miongoni mwa sauti zake zimo za Kiswahili: Zuri na Rafiki kwa lafudhi ya Kenya, Rehema na Daudi kwa ya Tanzania. Ni bure. Zinahitaji intaneti, lakini si bando kubwa. Mwanafunzi anafungua insha yake, anaweka simu au kompyuta mezani, anasikiliza akiwa na kalamu mkononi.

Sikio la Mswahili ni kali kuliko jicho lake. Mtoto aliyekulia Tanga au Mombasa anaweza kuandika "mahari pazuri" na kulisoma mara tatu bila kuliona, kwa sababu anasoma alichokusudia. Rehema hajui alichokusudia, anasoma kilichopo. "Vitabu yangu zimepotea" ikitoka kwenye spika, darasa zima litaguna. Sentensi isiyo na pumzi inasikika ikikosa pumzi. Neno lililorudiwa linasikika limerudiwa. Kwa fedha ambazo hukutoa, hakuna kinachokaribia faida hii, na ninashangaa ni walimu wachache wanaoitumia. Ambaye hana intaneti ampe mwenzake amsomee kwa sauti, mwandishi akikaa kimya.

Jambo la pili la bure ni historia ya rasimu. Hati za Google huhifadhi matoleo ya awali, na mwalimu aliyepewa ruhusa ya kuhariri anaweza kuona mwanafunzi alifuta nini Jumanne na kuongeza nini Alhamisi. Word ina ufuatiliaji wa mabadiliko unaofanya kazi hiyo kwa namna nyingine. Shule zinazotambuliwa zinaweza kupata toleo la elimu la Google, na vilevile toleo la msingi la Microsoft 365, pasipo malipo. Mwalimu mkuu anayekaribia kusaini mkataba wa kununua leseni aulize kwanza kama shule imeomba haya.

Akili mnemba: ya bure, ya dola 20, na unachokiomba

ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022 hesabu ilibadilika, kwa sababu ghafla kulikuwa na chombo kinachoweza kusoma insha ya Kiswahili na kuizungumzia. Kuna toleo la bure, na la Plus kwa dola 20 kwa mwezi, sawa na shilingi 31,200 za Kenya kwa mwaka kabla ya kodi. Kwa kurekebisha insha za shule, toleo la bure linatosha. Sioni sababu ya mzazi kulipia.

Kinachohitaji uangalifu ni ombi lenyewe. Mwanafunzi akiandika "nisahihishie insha hii," atarudishiwa insha nyingine. Itakuwa safi, na haitakuwa yake. Mara nyingi itakuwa pia Kiswahili kilichovaa mifupa ya Kiingereza: mambo "yanacheza nafasi muhimu", aya inafungwa kwa "mwisho wa siku", na methali imetajwa ambayo hakuna mzee wa pwani wala wa bara aliyewahi kuisema. Mwanafunzi asiye na uzoefu anaiamini kwa sababu imeandikwa kwa ujasiri. Mwalimu mzoefu anaisikia baada ya mistari miwili.

Ombi lililo bora linaipa mashine kazi ya msomaji. Kwa mfano: "Usiandike upya chochote. Nitajie sentensi tatu ambazo msomaji anaweza asizielewe, na uniulize swali moja kuhusu kila moja." Au: "Nionyeshe mahali ambapo nomino na kivumishi havipatani, bila kunipa jibu." Haitakuwa sahihi kila mara. Itakosea ngeli, itasifu pasipostahili. Ndiyo maana kamusi ikae mezani. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, iliyotoka mwaka 2015, unainunua mara moja tu na haikudai tena. Mwanafunzi anayebishana na mashine akiwa na kamusi mkononi anajifunza zaidi ya anayeitii, na ningependa kuona ubishi huo ukipewa nafasi darasani.

Wazazi wajue pia kwamba masharti ya ChatGPT yanataka mtumiaji awe na angalau miaka 13, na aliye chini ya 18 awe na ridhaa ya mzazi. Chochote unachobandika humo kinaondoka kwenye simu yako na kwenda kwenye kompyuta za kampuni. Insha za watoto hutaja majina, mitaa, magonjwa ya nyumbani, ugomvi wa wazazi. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 na Tanzania ina yake ya 2022, lakini kinga ya kwanza ni mtoto kuondoa majina kabla ya kubandika. AntConc na LibreOffice hazina tatizo hili, kwa kuwa maandishi hayatoki kwenye kompyuta.

Na kuna bidhaa moja ambayo nasema wazi usiinunue: kigunduzi cha maandishi ya akili mnemba. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipima vigunduzi saba kwa insha 91 zilizoandikwa na watu wenyewe kwa ajili ya mtihani wa TOEFL, yaani watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, 61% ya insha hizo zilihukumiwa kuwa zimeandikwa na mashine. Mwaka huohuo OpenAI, wenye ChatGPT, walikiondoa kigunduzi chao wenyewe kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwanafunzi wetu anayeandika Kiingereza rahisi na sahihi, alichofundishwa kidato kwa kidato, ndiye anayekamatwa na mtego huo. Mwalimu mwenye shaka afungue historia ya rasimu au amwite mwanafunzi amweleze alichoandika.

Ni nani basi alipie?

Mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu kwa Kiingereza ana haja halisi, na hali kadhalika kijana wa Tanzania aliyesoma msingi kwa Kiswahili na kuvushwa kwenye Kiingereza kidato cha kwanza. Hao waanze na LanguageTool ya bure pamoja na Hemingway ya kwenye kivinjari, ambayo pia ni bure na inapaka rangi sentensi ndefu za Kiingereza bila kuziandika upya. Grammarly ya bure inakamata makosa mengi ya msingi. Miezi michache ya kufanya kazi na hizo tatu itamwonesha mwandishi makosa yake ya kudumu, vile vineno vya Kiingereza, "a" na "the", ambavyo Kiswahili hakina, nyakati za vitenzi, matumizi ya vihusishi.

Akitaka ya kulipia, alipe mwezi mmoja tu, ule wa kukabidhi tasnifu, dola 30, kisha asimamishe. Mwaka mzima wa dola 144 unamfaa anayeandika Kiingereza kila siku kwa kazi yake. QuillBot, kwa karibu dola 100 kwa mwaka, inauza hasa huduma ya kusema upya maneno ya mtu mwingine. Kwa mwanafunzi hiyo ndiyo huduma hatari kuliko zote, na simshauri yeyote kuilipia: anayeweza kulisema wazo kwa maneno yake haihitaji, na asiyeweza hajalielewa bado.

Turnitin, iliyoanzishwa California mwaka 1998, huuzwa kwa taasisi, haiuzwi kwa mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo anayekutoza fedha mtaani au kwenye kundi la WhatsApp ili "akupitishie Turnitin" anatumia akaunti ya taasisi fulani usiyoijua. Kazi yako inaweza kuhifadhiwa kwenye hazina ya taasisi hiyo, na siku chuo chako kinapoikagua ikaonekana umenakili kazi ambayo kumbe ni yako. Uliza maktaba ya chuo chako au msimamizi wako. Kama chuo kinayo, kinaweza kukufungulia nafasi ya kukagua rasimu bila kuihifadhi.

Kwa atakayelipia chochote kati ya hivi, tumia kadi pepe badala ya kadi ya akaunti ya mshahara. Kenya, M-Pesa ina kadi ya namna hiyo kwa ushirikiano na Visa tangu 2022. Majaribio ya bure ya siku saba mara nyingi hugeuka malipo ya mwaka yenyewe siku ya nane, na makampuni hayalazimiki kukupigia simu kukukumbusha. Weka kengele kwenye kalenda ya simu siku mbili kabla, ingia kwenye akaunti yako na usimamishe malipo huko, kwa sababu kuifuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo.